Mashine ya Baba na Mayai ya Mama

Kuku wanaoparua uani kwa mama walianguliwa kwa msaada wa sanduku la bati nililotaka kulibomoa.

Ni marehemu baba aliyetuachia sanduku hilo. Alikuwa mwalimu wa ufundi. Kwa mashine hiyo yenye vibonye na tarakimu nyekundu, wanafunzi wake walijifunza kuamrisha ubongo wa kompyuta, amri moja moja. Mimi natengeneza simu hapa Bunia, na machoni pangu ilikuwa chuma cha zamani tu. Nilitaka vipuri vyake.

Mama akakataa. "Uipatie kwanza kazi," alisema. "Ikishindwa, utaivunja."

Kazi aliyoitaka ilikuwa kuangua mayai. Tangu tukimbie vita Djugu hakuwa na kuku hata mmoja, na sasa dada yake wa Gety alikuwa amemletea mayai thelathini. Kwenye daftari la baba nilikuta tayari amri za kuwasha na kuzima taa za joto; kumbe naye aliwahi kujaribu. Nikaunganisha nyaya huku nikinung'unika. Ikafanya kazi, nami nikapanga mayai chini ya taa.

Ila umeme ukikatika, mashine inasahau yote. Lazima ubonyeze upya namba na herufi zaidi ya hamsini. Ukikosea moja, taa haziwaki. Daftari nilitembea nalo mkobani, lisipotee. Nilijiona mjanja.

Siku ya kumi na nane, nikiwa kazini, umeme ukakatika, kisha ukarudi. Nikagusa mkoba: daftari ninalo mimi, na mama hakumaliza hata darasa la pili. Nikarukia pikipiki. Njia nzima niliyaona yale mayai yakipoa, na mama akibaki tena mikono mitupu kama tulivyotoka Djugu.

Nikakuta taa zinawaka. Mama ameketi mbele ya mashine, jasho usoni.

"Mama, nani amekusaidia?"

"Nani tena? Trois E, zéro un, D trois..." Akazitaja namba na herufi zote kwa Kifaransa mpaka mwisho. Nilifungua daftari nimfuatilie. Hakukosea hata moja.

"Papa yako alikuwa anazisema kila siku ku meza," alisema. "Nilikuwa nakasirika sana. Anaongea na mashini, na miye hapana. Basi nikazishika ku kichwa, kusudi siku moja nimujibu."

"Ulimujibu?"

Akayatazama mayai yake.

"Leo," alisema.