Leso ya Ngendo Kwenye Mkutano wa Jumuiya

Ngendo, au mama Njau kwa majirani, alikuwa mfumaji katika kiwanda kimoja cha nguo hapa Thika, mama wa kanisa, mpole, asiyejua kugombana. Mwaka ule serikali ilipouliza wananchi kama Kenya irudi kwenye Jumuiya ya Afrika Mashariki pamoja na Uganda na Tanzania, wenzake wa kiwandani walimsukuma awasemee. Waliogopa kwamba mpaka wa Tanzania ukifunguliwa, nguo za nje zitajaa na mashine zao zizimwe. Watu wa soko nao walitaka ufunguliwe leo hii. Mmoja wao alikuwa Mwanamisi, jirani yake wa Kiganjo, aliyeleta leso kutoka Tanzania kwa kujificha, na askari wa mpakani walishamnyang'anya mzigo.

Siku ya mkutano ukumbi ulifurika. Meneja wa kiwanda aliketi mbele, kando ya afisa wa serikali aliyeongoza mkutano. Ngendo akasimama.

"Mpaka ukae vile uko. Hizi nguo za magendo zinatunyima chakula. Mimi siwezi kujifunga nguo kama hiyo."

Musau, muuza mitumba, akacheka. "Na hiyo iko kwa kiuno, mathe? Ni ya Thika hiyo?"

Ngendo akajitazama. Alikuwa amepika uji amejifunga leso juu ya rinda, kama akina mama wote wa huku, akaja nayo bila kufikiri. Kwenye pindo iliandikwa Dar es Salaam. Mwanamisi ndiye aliyempa Ngendo leso hiyo, siku mjukuu wa Ngendo alipozaliwa. Ukumbi mzima ukaangua kicheko, na meneja akageuka kutazama.

"Mwacheni," Mwanamisi akasema kutoka nyuma. "Leso ni yangu. Nimemwazima asubuhi, hajui hata imetoka wapi."

"Kumbe wa magendo ni wewe?" afisa akauliza.

"Ni mimi. Na ndiyo nataka niseme kwa nini mpaka—"

"Kaa chini, mama. Tumeshakusikia."

Watu wakamzomea. Neno moja tu la Ngendo, kwamba leso ni yake, lingetosha kumtetea. Akaketi, akaificha ile leso chini ya sweta.

Walirudi nyumbani pamoja.

"Ungewaambia ukweli," Ngendo akasema, macho chini.

"Ndiyo ufutwe kazi? Tembea, mama Njau, jua linatuchoma."

Jumatano, kwenye ushirika wa akina mama, aliombwa aongoze sala ya kuombea nchi. Alisimama, kisha akasema polepole, "Leo aombe Rachael."

Akaketi, na wengine walipofumba macho, yeye akabaki akitazama sakafu.