Mume Wangu Alijaza Mshahara Wangu wa Jeshi kwa Fomu Yake ya Ushuru

Admin, weka hii lakini jina langu na kambi yangu visionekane, bado niko kazini. Nina miaka thelathini na tatu, mama wa watoto wawili, na mimi ni mwanajeshi. Kwetu ni Ntimaru, nimeolewa upande wa Homa Bay, na mume wangu ana duka la mbolea na dawa za mifugo Rodi Kopany. Wakwe huniita nyar Kuria, yaani binti wa Kuria. Mume wangu sikuja kumchafua hapa, nasema mapema. Nikiwa kambini yeye ndiye anapikia watoto, yeye ndiye anaenda mikutano ya shule. Ndiyo maana hii kitu imeniuma sana.

Wengi hudhani sisi wanajeshi hatulipi ushuru. Tunalipa kama mwalimu yeyote, unakatwa kabla mshahara haujafika benki. Na bado kila mwaka, kabla Juni haijaisha, lazima ufaili fomu kuonyesha ulichopata na ulichokatwa. Tangu niandikwe hujifailia mwenyewe. Mwaka huu tulikuwa porini, mtandao wa kubahatisha, nikamtumia mume wangu PIN yangu ya ushuru na ile karatasi ya P9 ya makato ya mwaka mzima. Nikamwambia, "Baba Watoto, pitia saiba, pale kwa kompyuta za kulipia, unifailie." Akajibu, "Hiyo ni kazi ndogo, Mama."

Nilipopata likizo nilishukia dukani kwake moja kwa moja. Ukutani, kando ya leseni ya biashara, nikaona ukurasa wa fomu ya ushuru umewekwa plastiki vizuri. Juu ni jina lake. Chini yake mshahara wangu umejumlishwa na faida ya mbolea, na wateja wanausoma wakingoja chenji. Nikamuuliza yangu iko wapi.

"Imeingia kwa yangu," akasema. "Fomu yenyewe iliniuliza kama nataka kutangaza mapato ya mke. Wewe yako imewahi kukuuliza kuhusu mapato ya bwana?"

"Imekuuliza kama wewe unataka," nikamwambia. "Mimi ni nani aliniuliza?"

Hapo akashusha sauti. "Unajua wananiitaje hapa sokoni? Bibi ya soja, eti mimi ndiye nimeolewa na askari. Hata wauza nyanya. Tangu niweke hiyo karatasi wameacha."

Nilimhurumia, sitawadanganya. Lakini jamani, mtoto wa pili nilimwacha akinyonya nikarudi kazini. Maziwa yalinivujia ndani ya gwanda nikiwa nimesimama gwaride, na sikuruhusiwa hata kujipangusa. Nimekimbia na mzigo mgongoni mpaka kucha za miguu zikang'oka. Huo mshahara ni wangu, na mahali popote utakapoandikwa utaandikwa kwa jina langu.

Nikabandua karatasi. Jioni hiyo akaniitia kikao nyumbani, mama yake na kaka yake mkubwa. Shemeji ndiye alianza. "Nyar Kuria, bunduki ni ya kazini. Hapa mapato ya mke ni ya mwenye boma, na serikali yenyewe inajua hivyo."

"Shemeji," nikamwambia, "siku boma hili litasimama gwaride badala yangu, nitakubali."

Mama mkwe alitazama chini, nadhani alikuwa anaficha kicheko. Mume wangu hakucheka. Alisema polepole, mbele yao wote, "Ukitoa mshahara wako kwa hiyo fomu, umenitoa kwa ndoa mbele ya watu. Basi likizo ijayo usije hapa."

Kesho yake nilienda mjini Homa Bay kuuliza watu wa ushuru. Afisa akanieleza kwamba mke anaweza kufaili peke yake, na mume atatakiwa kurekebisha ya kwake amtoe. Nikafaili yangu hapo hapo, nikamtumia mume wangu picha ya risiti, nikapanda gari kurudi kambini na roho nyeupe. Sijuti hata kidogo.

Lakini tangu siku hiyo haongei na mimi. Nikipiga simu anawapa watoto, na mdogo ananiuliza Desemba nitakuja au la. Nampenda huyo mwanamume, na najua hata yeye ananipenda. Kwa hivyo msiniambie nirudishe mshahara wangu chini ya jina lake, hiyo nimeshaikataa. Likizo yangu inakaribia na nitaenda, anataka hataki. Nyinyi mliogombana na waume zenu mkabaki mmependana, nisaidieni hapa tu: nikifika mlangoni nimwambie nini ili anifungulie? Maana samahani sina.