Nilifuta Kovu la Neema

Nimekosa jamani, na niliyemkosea ni mtu aliyeniamini. Niacheni niseme bila jina, maana kwa jina langu sijathubutu hata mbele ya mchungaji.

Nilikuwa najifunza kuandika programu za kusafisha picha kwenye kompyuta. Nilijifunza mwenyewe, chumbani kwangu Sombetini, huku mjini, na kichwa kilikuwa kimenivimba! Nikielewa kitu leo, kesho najiita fundi.

Mama yangu mdogo anaishi huko juu, Meru. Alifiwa na binti yake wa pekee, Neema. Alibakiwa na picha yake moja tu, ya kipaimara, kwenye memori kadi ya simu ya zamani, nayo imejaa chengachenga. Akanikabidhi kadi.

"Baba, nisafishie tuiweke kwenye msalaba wake. Sina nyingine."

"Usijali, mama mdogo. Kazi ndogo hiyo."

Kazi ndogo! Niliandika programu inayolinganisha kila nukta ya picha na majirani zake. Iliyo tofauti na wenzake inabadilishwa ifanane nao. Chenga zote zikaisha, uso ukawa laini. Nikachekelea peke yangu kama mwehu.

Sikutoa nakala kwanza. Programu iliisoma picha kwenye kadi, ikaihifadhi palepale kwa jina lilelile. Ya mwanzo ikapotea, na mimi wala sikushtuka.

Nikampelekea ikiwa imechapishwa. Alikuwa anamenya ndizi. Akafuta mikono kwenye kanga, akaitazama, akaisogeza karibu na macho.

"Kovu lake liko wapi?"

Neema alikuwa na kovu dogo la tetekuwanga chini ya jicho. Programu ililihesabu chenga. Nilijua palepale, lakini nikaogopa aibu.

"Mama mdogo, kwenye picha halikuwepo."

"Lilikuwepo. Nilimshika mikono siku zote zile asijikune. Nikapitiwa na usingizi kidogo tu, akajikuna."

"Labda unachanganya na mtoto mwingine. Picha haidanganyi."

Mdomo huu! Alinitazama, akaitazama picha tena, halafu nikaona anaanza kuniamini. Hapo ndipo nilipoogopa kweli.

Nilirudi mjini nikajaribu kila njia ya kuirejesha picha ya mwanzo. Wapi! Nikasema basi nilichore lile kovu, nikakwama: sikumbuki lilikuwa jicho gani. Binamu yangu, tumekua wote, na sikumbuki!

Sasa uso ule uko msalabani, kati ya migomba na kahawa. Nikienda kwao nazungukia nyuma ya nyumba nisiupite. Haisaidii, nikifumba macho nauona, msafi, haujui lolote. Kompyuta nimeifunika na kitenge, sijaigusa tena. Nikikutana na mtu njiani, namwangalia kwanza chini ya macho.

Siku ya kusimika msalaba, watu walipoondoka, mama mdogo alinishika mkono.

"Nisamehe, baba. Nilikubishia siku ile. Mimi mama mzima nimesahau sura ya mwanangu."

Na mimi nikajibu nini? Nikajibu, "Yameisha, mama mdogo."

Mnaojifunza kazi hii, toeni nakala kabla hamjagusa picha ya mtu. Na mkiharibu, semeni siku hiyohiyo, kabla mliyemkosea hajaanza kuwaomba ninyi msamaha.