Mitumbwi Saba ya Bibi

Siku mjomba alipoleta karatasi, kidole gumba cha mama kilikuwa tayari kimepakwa wino. Ilikuwa Jumapili, tumetoka misa, wali ungali jikoni. Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka, mkono ameuinua mbele kama mtu anayeogopa kuchafua nguo, na mjomba amemwinamia akimwonyesha mahali pa kubonyeza.

"Shikamoo mjomba," nikasema. "Karatasi ya nini?"

"Marahaba. Mambo ya watu wazima."

Nilikuwa mwalimu wa darasa la pili hapo Ifakara, nina miaka ishirini na mitatu, na sikuwa nimezoea kuambiwa hivyo mbele ya kitu kilichoandikwa. Nikaichukua nikaisoma. Ilisema kwamba kile kiwanja cha kivukoni, kwenye ukingo wa mto Kilombero, kilikuwa mali ya marehemu babu. Kwamba babu ndiye aliyeanzisha kivuko na kazi ya kuchonga mitumbwi. Na kwamba mwanawe wa kiume, yaani mjomba, alikuwa na haki ya kumpa mwenye duka mmoja wa mjini ajenge ghala la mpunga. Mama alitakiwa kukubali tu kwamba yeye hana dai.

Mama na mjomba walikuwa wa baba mmoja, mama mbalimbali. Bibi yangu, mke wa kwanza, alifariki mama akiwa hajaota meno ya ukubwani. Mama alilelewa na mke wa pili, mama yake mjomba, na katika nyumba ile habari za bibi hazikuzungumzwa.

"Mama hatii kidole," nikasema.

Mjomba alicheka. "Mtoto wa juzi unanifundisha ukoo wangu?"

"Kama ni ukoo wako, utausema barazani. Na sisi tutausema."

Aliondoka bila kula. Mama alisugua wino kwa majivu mpaka ngozi ikawa nyekundu, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Tutasema nini, mwanangu? Mimi sijui kitu." Zilikuwa zimebaki wiki tatu kabla ya baraza la jumbe. Nami sikujua kitu, ila nilikuwa nimekasirika, na hasira ilinitosha kuanzia.

Nilianza misheni. Karani alinijibu kwamba vitabu vya ubatizo havipekuliwi na kila anayepita. Nikamwambia sipiti, nimekuja, nikakaa kwenye benchi lake. Nilikaa siku mbili mfululizo baada ya masomo, nikisahihisha madaftari ya watoto, mpaka padri mzee akaniuliza nangoja nini. Nilipomweleza, alitoa mwenyewe kitabu kilichotobolewa na mchwa pembeni, akanisomea Kilatini taratibu huku akikigeuza kuwa Kiswahili. Bibi alibatizwa akiwa binti mkubwa, hajaolewa. Pembeni ya jina lake waliandika: binti wa fundi mitumbwi wa kivukoni. Kurasa nyingi mbele ndipo tulipokuta ndoa yake. Mume: mgeni, kutoka milima ya Mahenge, mpagazi.

"Rudia hapo, padri," nilisema. "Kwenye mgeni."

Akarudia. Nikayanakili yote kwa mkono wangu, naye akatia sahihi chini.

Kisha mama alikumbuka kwamba bibi alikuwa na mdogo wake aliyeolewa Kiberege. Hakujua kama yu hai. Jumamosi niliazima baiskeli ya mwalimu mwenzangu, nikafunga khanga vizuri, nikapanda. Mwanamke juu ya baiskeli ilikuwa sinema siku hizo. Watu waliacha majembe mashambani wakasimama kunitazama, na mmoja aliniuliza kwa sauti nimemwibia nani. Nikamjibu kwamba namfuata mwenye mali. Kabla ya Kiberege niliteremka mara mbili kwenye tope na kuibeba begani.

Nilimkuta bibi huyo hai, mdogo kama mtoto, anapeta mchele. Nilipojieleza nimezaliwa na nani, aliweka ungo chini.

"Nimengoja mtu wa dada yangu aje," alisema, "mpaka nikaona mmekufa wote."

Alinihadithia mchana kutwa. Baba yao hakupata mtoto wa kiume. Alikuwa na mitumbwi saba ya mvule, miwili ya kuvusha watu, mingine ya kubebea mpunga na samaki wakavu, na bibi yangu ndiye aliyeisimamia tangu akiwa msichana. Alishika tezo ya kuchongea kama mwanamume. Alijua mti upi utapasuka na upi utakaa. Wanaume waliokuja kuagiza mitumbwi walimtafuta baba yake, naye aliwaonyesha binti: ongeeni na huyo.

"Na babu?" nikauliza.

Alicheka mpaka akakohoa. "Babu yako alikuja kama abiria! Alitoka safari ya upagazi, miguu imevimba, akavushwa, akaomba maji, hakuondoka tena. Alikuwa mtu mwema, simsemi vibaya. Lakini kivuko alikikuta. Kamwambie mjomba wako hivyo hivyo."

Akaniambia pia kwamba kila mtumbwi wa baba yao ulichongwa alama nyuma, mikato mitatu juu ya duara, na kwamba mmoja ulipochakaa, kipande chake walipewa wakwe zao wa Lumemo.

Lumemo niliulizia nyumba kwa nyumba hadi nikakiona. Kilikuwa kimegeuzwa benchi barazani kwa mzee mmoja, kimelainika kwa kukaliwa. Nilipiga magoti nikapapasa chini yake. Mikato ilikuwepo, mitatu, na duara.

"Hilo benchi limekaliwa na ukoo wangu wote," alisema mzee nilipomwomba aniazime.

"Na sasa litasimama kwa ajili ya ukoo wangu," nikamjibu. Akanitazama kidogo, kisha akawaita wanawe wawili walibebe.

Siku ya baraza mjomba alisema maneno yake vizuri, akamtaja babu, na babu wa babu, wanaume watupu mpaka milimani. Nilipoinuka mimi, mzee mmoja wa baraza alisema si desturi msichana kuhesabu ukoo mbele za watu. Nikamwambia sihesabu, nasoma, nikaanza kusoma karatasi ya padri kabla hajapata jibu. Nikasema ya Kiberege. Nikageuza benchi miguu juu. Wavuvi wazee wawili walisogea, wakagusa alama, wakaguna, na mmoja akasema kwamba baba yake alikuwa na mtumbwi wenye mikato hiyo.

Jumbe alimgeukia mama. "Wewe ndiye binti wa marehemu. Unasemaje?"

Mama hakuwahi kusema barazani maisha yake yote. Alisimama akishika ncha ya khanga. "Niliambiwa mama yangu hakuwa na kitu," alisema. "Miaka yote hii nimekula katika nyumba ile nikishukuru kama mgeni. Kiwanja ni cha mama yangu. Kidole changu sikitoi."

Hatukupata chote. Nguzo za ghala zilikuwa zimeshasimama upande wa chini, na jumbe akaamua upande huo ubaki kwa mjomba. Mama alipewa upande wa juu, penye njia ya kushukia majini na uwanja wa kuchongea. Watu walitupongeza, wakaniambia nishukuru. Sikushukuru. Kupewa nusu ya kitu chako ni kunyang'anywa nusu, nami nilimwambia jumbe hivyo hivyo, kwa adabu, nikiwa nimesimama.

Masika yalipopita mama aliuza mpunga akamwita fundi, na mtumbwi wa kwanza ukaingia majini kutoka upande wetu wa juu. Mjomba hakutusemesha kwa miaka mingi.

Mimi niliandika ukoo wetu katika daftari la shule, nikaanza na fundi mitumbwi na binti zake wawili. Shemeji mmoja wa mama alitumwa na upande wa mjomba kuniomba nianze na babu, ili amani irudi katika familia. Alinikuta darasani, chaki mkononi. Nikamwambia amani na irudi, itamkuta bibi palepale ukurasa wa kwanza, kisha nikaendelea na somo langu.