Siku Niliyomtafsiri Mnunuzi wa Kuku

Aibu hii ningeinyamazia mpaka kufa, ila kila nikikaa kijiweni hapa Makuyuni yupo mtu anaisimulia vibaya kuliko ilivyokuwa, mmoja anasema nilipigwa (sikupigwa, nilishikwa shati tu), mwingine anasema nililia (hilo tuliache), kwa hiyo bora niitoe mwenyewe, nzima, bila kupunguza, ingawa kwa kawaida mimi ni mtu wa kupunguziwa.

Nina kibanda cha video. Mabati juu, mabenchi kumi na manne, televisheni moja kubwa, spika mbili. Mwisho wa wiki ni mpira, siku nyingine ni picha, na picha wanazozipenda watu ni zile zilizotafsiriwa, ambazo jamaa mmoja huko mjini anaongea juu ya sauti za wenyewe na kukueleza stelingi kasema nini na adui kajibu nini. Sasa siku hiyo nilikuwa Korogwe, stendi, kwa bwana mmoja anayeuza picha za kwenye flashi, tukavutana bei, tukakwama, nikaondoka (hatua saba, huwa nazihesabu, mtu akikuita kabla ya kumi ujue amelegea), akaniita.

"Kaka, kwa bei yako hiyo nakupa ambayo haijatafsiriwa."

"Tofauti yake nini?"

"Tofauti yake hutaelewa kitu."

Nikachukua. Uamuzi wenyewe ndio huo, mdogo kama unavyouona, nami nilipanda gari la kurudi nikijipongeza.

Ilikuwa picha ya upelelezi, ya Wakorea nadhani, au Wajapani, mpaka leo sina hakika. Mpelelezi mwenye macho ya mtu asiyelala anamsaka mtu anayeteka mabinti mmoja baada ya mwingine. Hilo nililijua kwa picha za wasichana zilizobandikwa ukutani ofisini kwake, watano, nikahesabu tena, watano. Zaidi ya hapo nilikuwa gizani. Tatizo ni kwamba kwa miaka mingi nilikuwa nimejitangaza kuwa lugha za huko nazijua, na yule jamaa wa mjini akiruka maneno nilidakia mwenyewe, kwa sababu niliwahi kufanya kibarua na mafundi wa kigeni ilipojengwa barabara ya lami ya kwenda Handeni. Kibarua nilifanya kweli. Nilibeba kokoto miezi mitatu nikajifunza maneno mawili, la kwanza lilikuwa "haraka", la pili sikuwahi kujua maana yake ila lilisemwa kila nilipokaa chini.

Basi Alhamisi, saa kumi alasiri, watu arobaini na wawili wameketi (niliwahesabu mara mbili), nikashika maiki nikasema leo natafsiri mwenyewe.

Mkorea akifungua mdomo, nami nafungua. Mwanzoni nilikwenda kwa adabu, "habari za asubuhi, mkuu", "nzuri, kaa", vitu vya namna hiyo. Halafu akatokea mwanamume mwembamba, anachechemea, amebeba kikapu mgongoni, anapita nyumba hadi nyumba akibisha hodi, na kila akifunguliwa anasema maneno mawili matatu anafungiwa mlango. Nikaona, adui si ndiye huyu? Nikashusha sauti: "Watu wangu, huyu ndiye mtekaji. Anajifanya mnunuzi wa kuku. Akimkuta mtoto peke yake humwuliza, mama yako yupo?"

Kibanda kizima kikanyamaza. Mimi ni mtu wa sokoni, ukimya wa mteja aliyenasa naujua, na mteja akinasa huwezi kunyamaza naye. Nikaongeza kwamba hili ni tukio la kweli. Nikaongeza kwamba huyu bwana yuko nchini na mara ya mwisho alionekana Mnyuzi. Nikaongeza kwamba kila kijiji ana mwenzake, mtu mnayemheshimu, anayempelekea habari za nyumba zenye mabinti. Hapo katikati nikaizima picha, nikawaambia waje kesho waone kama atakamatwa.

Bakari alinifuata nje. Bakari ni dereva wa bodaboda, mteja wangu wa benchi la mbele, picha akiiona mara moja ameikariri.

"Kaka Salehe, Mnyuzi ipi? Hii yetu?"

"Kwani unaijua nyingine?" nikamjibu, nikaenda zangu kula.

Kesho yake ilikuwa Ijumaa, saa nane, watu wametoka msikitini, nami niko kibandani naunganisha waya za spika, nikasikia yowe. Yowe la mwanamke, kisha wanawake watatu, kisha sikuweza tena kuhesabu.

Yaliyotokea niliyajua baadaye kidogo. Bwana mmoja aitwaye Mhina, mtu wa upande wa Handeni, alikuwa ameingia kijijini kwetu kwa mara ya kwanza na pikipiki yake na tenga nyuma. Ananunua kuku. Anachechemea kwa sababu pikipiki iliwahi kumwangukia mguuni. Kwenye nyumba ya tatu alimkuta Zuhura, mtoto wa miaka tisa, anafagia uwanja, akamwuliza kitu ambacho mimi na wewe tungeuliza, na ambacho mnunuzi wa kuku yeyote huuliza.

"Mama yako yupo?"

Zuhura aliutupa ufagio.

Wakamleta kwangu. Sikujua kwa nini wanakuja kwangu mpaka walipofika mlangoni, kumi, ishirini, wengine nyuma yao, na katikati Mhina amefungwa mikono kwa kamba ya katani, shati limechanika, sikio linatoa damu. Bakari alishika chupa ya maji ya nusu lita, na harufu niliyoisikia haikuwa ya maji. Waliyatoa mafuta kwenye pikipiki ya mwenyewe.

Mama Zuhura akanisogelea, mtoto kamng'ang'ania kanga.

"Baba, wewe ndiye unayemjua. Mtazame vizuri. Ni yeye?"

Sasa mimi, hata roho ya mtu ikiwa mezani, huanza na bei ya chini. Ningesema yote palepale yakaisha, lakini nilifikiria kibanda, nikafikiria jina langu, nikatoa kidogo.

"Yule wa kwenye picha ni mwembamba zaidi."

"Amenenepa," akasema Bakari.

"Yule ni Mkorea, Bakari."

"Ulisema alionekana Mnyuzi."

Nikapanda kidogo. "Mnyuzi niliitia chumvi tu."

"Na kuku?"

"Na kuku pia."

"Na 'mama yako yupo'? Mtoto kaulizwa vilevile, neno kwa neno. Chumvi gani hiyo inayojua maneno ya mtu kabla hajayasema?"

Nikawa natafuta cha kuongeza. Mhina, ambaye tangu aingizwe hakuwa amesema kitu, akainua uso. Hakupiga kelele. Alisema kama mtu anayemwomba jirani chumvi.

"Ndugu yangu, sema yote. Usinipunguzie."

Nikasema yote. Kwamba lugha ile siijui hata neno moja. Kwamba kila nilichokisema jana nilikitunga nikiwa nimesimama hapo pembeni ya spika. Kwamba kokoto nilibeba lakini lugha sikubeba.

Nilitegemea wacheke, au wanitukane, halafu wamfungue. Wapi. Mama Zuhura akarudi nyuma hatua mbili.

"Amehongwa huyu."

Na Bakari, aliyekariri kila kitu, akasema taratibu: "Mtu mnayemheshimu."

Nilikuwa nimekaa kijiji hiki miaka kumi na mmoja bila mtu kuniambia kwamba ninaheshimiwa, nikaja kuambiwa siku hiyo. Shati langu likakamatwa kwa nyuma, nikasukumwa mpaka magoti yetu mimi na Mhina yakagusana, na kizibo cha ile chupa nikakisikia kinavyozungushwa.

Aliyetuwahi ni Bi. Mwanaidi, mwenyekiti wa kitongoji. Hakimbii, magoti hayamruhusu, alikuja kwa mwendo wake, watu wakampisha.

"Shikamoo, mwenyekiti," nikasema.

"Marahaba. Bakari, weka chini hicho ulichoshika."

Bakari akaweka, karibu na mguu wake. Bi. Mwanaidi akasikiliza upande wa Mama Zuhura, akasikiliza wa kwangu, akasema polisi amewapigia na wako njiani, na simu ya mwenyekiti wa kwao Mhina anaitafuta, mtandao unakataa. Kisha akaitazama televisheni.

"Anasema alitunga. Basi tuone. Washa, weka palepale pa jana, tafsiri tena. Bakari atatuambia kama ni yaleyale."

Hapo ndipo jasho lilinitoka vizuri, maana maneno ya jana niliyakumbuka yote. Mimi mkate wangu ni kutosahau nilichomwambia mnunuzi. Ningeyarudia vilevile, shati langu lingeachiwa, kibanda kingebaki, wangesema Salehe aliogopa tu, lugha anaijua. Mhina alikuwa chini, mbele ya benchi la kwanza. Hakuitazama televisheni. Alitazama mdomo wangu.

Yule mpelelezi akaanza kuongea. Nikashika maiki.

"Anamwambia karani wake kwamba tumbo linamsumbua tangu jana."

"Siyo," akasema Bakari. "Jana hapa ulisema, watu wangu, huyu ndiye mtekaji."

"Rudisha nyuma," akasema Bi. Mwanaidi.

Nikarudisha. "Anasema mvua ikinyesha atachelewa harusini."

"Rudisha."

Mara ya tatu niliishiwa. Yule mpelelezi aliongea peke yake dakika nzima, akapiga meza, akanyoosha kidole, nami nimesimama na maiki mdomo wazi, sina hata neno la uongo. Nyuma kabisa mtu akaguna.

"Kumbe miaka yote alikuwa anatuuzia hewa."

"Na ile ya mapanga, uliyosema stelingi anamwomba mama yake radhi," akauliza mama mmoja, "alikuwa anaomba radhi kweli?"

"Sijui, mama."

"Mimi nililia siku ile."

"Samahani."

Kicheko kikaanza, hakikuwa kizuri, lakini shati likaachiwa. Mama Zuhura peke yake hakucheka.

"Sawa, hujui alichosema," akaniambia. "Basi umejuaje kwamba siye?"

Nikaiweka maiki chini. Kicheko kikakatika, nikaona mkono wa Bakari unashuka tena kuelekea mguuni.

"Iache iende mpaka mwisho," akasema Bi. Mwanaidi, akajikalia benchi la mbele, akaivuta ile chupa chini ya benchi lake. "Na wewe mtafsiri, nyamaza."

Tukaitazama nusu iliyobaki bila mtu kusema kitu, watu wamejaa mpaka dirishani, na nikuambie ukweli, kila mmoja alielewa. Yule mwembamba alifungua kikapu, ndani mna karatasi zenye picha ya binti, mmoja wa wale watano wa ukutani. Alikuwa baba yake. Nyumba zote zile alizokuwa anabisha, alikuwa anamtafuta mwanawe. Mtekaji ni bwana mwingine kabisa, nadhifu, mwenye tabasamu, ambaye mara mbili alimkaribisha yule baba ndani akampa chai. Mpelelezi alipovunja mlango wa chini ya nyumba ile, baba aliingia akichechemea, akatoa kwenye kikapu jozi ya viatu vidogo, akapiga magoti, akamvisha binti yake. Hakusema neno. Hata angesema, nani alihitaji kuambiwa.

Katikati ya ukimya ule simu ya Bi. Mwanaidi ikaita. Akaweka sauti ya juu, na mwenyekiti wa kwao Mhina akasema ndiyo, huyo ni wangu, ana watoto wanne, kazi yake kuku, amefanya nini? Mama Zuhura akainama kufungua kamba. Fundo la katani likikaza halifunguki kwa vidole, ikabidi atumie meno.

Polisi walikuja, wakaandika, wakanipa maneno yangu ambayo sitayarudia hapa, wakaondoka. Zikabaki hesabu za kuku. Mhina alisema alikuwa nao kumi na wanne, na tenga lilikuwa tupu, kila mtu alijichukulia wake kwenye vurugu. Nikalibeba mimi kichwani, tukapita nyumba hadi nyumba, yeye anachechemea, mimi nabisha hodi, na wanawake walikuwa wananingoja.

"Salehe, huyu anasema kokoko. Tafsiri."

"Anasema jana alionekana Mnyuzi," mwenzake anamjibu kabla yangu.

Nilipokea yote. Tulipata kumi na watatu (nilihesabu mara mbili, nikahesabu na ya tatu), wa kumi na nne nikatoa wa kwangu, mtetea, bila kuombwa na bila kuvutana.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Mama Zuhura. Mhina hakuingia uwanjani, alisimama njiani.

"Mwambie mtoto nimekwenda," akaniambia.

Nikaenda mlangoni nikasema, "Zuhura, amekwenda."

"Na wewe nenda," akajibu kutoka ndani.

Tangu siku hiyo maiki nimeifungia, na nimeapa sitamwambia mtu maana ya kitu nisichokijua, hata anipe nini. Picha naziweka kama zilivyo, na mtu akiuliza wanasema nini namjibu aangalie. Wateja walipungua, kisha wakarudi, sasa wanatafsiriana wenyewe kwa kelele, kila benchi na lake. Mhina bado anakuja, lakini kijijini haingii tena. Anasimama barabarani, anapiga honi, na mimi ndiye ninayezunguka kukusanya kuku wa watu na kumpelekea, siku nyingine safari tatu. Zuhura ametimiza miaka kumi. Akiisikia honi ile huingia ndani, nami nikipita uwanjani kwao, kuku wananing'inia mikono yote miwili, namsikia anavyolisukuma komeo mpaka mwisho.