Mwaka Tulioondoka Bila Kuaga

Watu wenye akili zao, ukifika mwezi wa Julai hapa Maskati, hufanya moja kati ya mawili: huenda Salala kwenye manyunyu, au hufunga mapazia wakakaa ndani. Baba yangu alitaka kwenda jangwani. Alikuwa mtumishi wa serikali, idara ya barabara, na likizo yake aliiweka wakati sisi watoto tumefunga skuli, yaani wakati ambao hata mbuzi hawatoki kivulini.

Njia alikwisha kuipanga kabla mimi sijajua kusoma ramani. Tutoke kwetu Khuwair, tushike barabara ya Nizwa, tupande mpaka ukingo wa lile korongo kubwa la Jabal Shams. Kisha tushuke, tupite Sinaw, tulale Bidiya kwenye ncha ya mchanga, tukaoge katika mabwawa ya Wadi Bani Khalid, turudi kwa upande wa Sur. Huko kote hajapata kufika. Barabara za nchi hii alizijua zikiwa juu ya meza.

Katika njia hiyo kulikuwa na kituo kimoja ambacho ndicho safari yenyewe. Mengine yote yalikuwa mapambo. Kilikuwa kijiji kidogo ndani ya korongo, alikozaliwa babu. Babu alitoka huko kijana, akavuka bahari, akafungua duka Unguja, akaoa, akazaa, akafa, na muda wote huo akiwahadithia wanawe habari ya jabali jekundu, na mfereji wa maji uliochongwa ubavuni mwa mwamba, na malimau ambayo Unguja nzima hayapatikani mfano wake. Baba alizaliwa Unguja. Alipokuja Oman, mtu mzima na sanduku lake, aliambiwa karibu, umerudi kwenu. Miaka zaidi ya ishirini ilipita na kwao hajapaona.

Kizuizi kilikuwa mama. Si kwamba hakuitaka safari. Yeye ndiye aliyenunua madumu ya maji, na jiko la gesi, na kamba ya kuvutia gari likizama mchangani, na yeye ndiye aliyekaanga kachori za kulisha kikosi. Lakini mama hakutoka mjini bila kuaga.

Asiyejua hudhani kuaga ni kupunga mkono. Kuaga ni kwenda nyumba kwa nyumba kwa wakubwa, ukavua viatu, ukaulizwa hali za watoto waliokaa hapo hapo ubavuni mwako, ukaletewa halua na kahawa, ukanywa, ukaongezwa, halafu ndipo ukaomba radhi. Unapewa radhi, na dua, na kifurushi cha kumpelekea mtu huko uendako. Sisi tuliwahi kupewa kifurushi cha kwenda mchangani.

Wakubwa wa mama walikuwa watatu: mama yake mdogo aliyemlea, akikaa Sidab, mjomba wake mwenye duka la vitambaa Hamriya, na dada yake mkubwa, aliyejenga Mabela nyumba ambayo rangi yake bado ilikuwa inanuka. Kwa hivyo safari ya kwenda magharibi ilianza kwa kwenda mashariki. Kiangazi cha kwanza tulitoka alfajiri na magodoro juu ya gari. Sidab tukanywa chai. Hamriya tukamsubiri mjomba amalize wateja. Baba hakushuka Sidab wala Hamriya. Kuaga kwake kulikuwa ni kupiga honi.

"Mwanamke huyu atanizeesha njiani," aliniambia, akapiga tena.

Ili kufika Mabela tuliupita mzunguko wa magari wa njia ya Nizwa, na baba akautazama kama mtu anayepishana na rafiki yake. Dada wa mama alikuwa keshapika biriani. Biriani halikataliwi. Baada ya biriani watu walilala, baada ya kulala ikaja alasiri, na baada ya alasiri baba akasema hapandi jabali na giza. Tukarudi Khuwair na magodoro yetu.

"Watu wenda kwenye mvua, nyie mwenda kwenye moto," dada huyo wa mama, khaloo wetu, alikuwa ametuambia, akitukabidhi kifurushi. "Haya, nimekuwieni radhi."

Hapa niseme jambo moja, maana bila hilo mama ataonekana mtu wa mchezo. Mama aliondoka Unguja msichana, siku za zile vurugu za mapinduzi. Nafasi katika chombo ilipatikana asubuhi moja, na mama yake wakati ule alikuwa ametoka kwenda kumtazama mgonjwa mtaa wa pili. Mama na aliofuatana nao walimngoja kidogo. Hawakuweza kungoja zaidi. Hawakuonana tena, na bibi alipokufa huko, habari zilimfikia mama wakati hata arubaini imekwisha kusomwa. Hakuwa akilisema hilo. Aliaga tu.

Kiangazi cha pili baba alijiona mjanja. Alisema kuaga kufanywe siku chache kabla, ili siku ya safari tuwe huru. Mama akakubali, akazunguka, akarudi na radhi zote na vifurushi vyote. Kesho yake gari likaanza kuvuja maji, na fundi akasema kifaa chake hakipo mjini, kitaletwa kutoka Dubai.

Kwa watu wengine hiyo ni habari ya gari. Kwetu ilikuwa fedheha. Huwezi kumuaga mtu, ukamtoa machozi na dua, kisha akakukuta soko la samaki Matrah unachagua changu.

"Hatutoki," mama alisema. "Sisi hatupo."

Basi tukawa hatupo. Mapazia yalifungwa. Simu ikilia tuliitazama mpaka ikanyamaza. Baba alikwenda kusali msikiti wa mtaa wa mbali kwa teksi, na siku moja alipomwona mtoto wa yule mjomba wa Hamriya mlangoni, akazunguka akaingia kwa upande wa kutawadhia. Kachori tulizila sebuleni, juu ya mkeka wa safari, kwa maji ya dumu. Wadogo zangu walifurahi kweli. Wao walidhani jangwa ndilo hilo. Kifaa kilipofika, likizo ya baba ilikuwa imekwisha. Mama alizunguka tena kwa wakubwa wake kusema tumerudi. Walipomuuliza kukoje huko, akajibu, "Joto." Uongo haukuwa uongo.

Nilimshauri siku za mbele aage kwa simu. Alinitazama kwa huruma. "Radhi haipiti kwenye waya," akasema.

Mwaka uliofuata daktari alimwambia baba kuwa sukari imeanza kumla macho. Alimwambia aache vitamu, na aache kuendesha gari gizani. Baba aliacha kuendesha gizani. Alianza kuzishika ramani zake karibu na pua, na mimi nikawa namsomea majina ya vijiji kwa sauti, naye akisahihisha matamshi yangu. Lilinikera hilo, kisha likaniogopesha. Nilikuwa nimekwisha kuiona safari ile kuwa ni masihara ya nyumbani kwetu, jambo la kuchekea. Sikuwa nimefikiri kwamba lina mwisho.

Likizo yake mwaka huo ilikuwa fupi, na mama alikuwa keshatoa buibui la kwendea Sidab. Baba akamkuta mlangoni.

"Mama watoto," akasema, "n'nataka kupaona kwetu nami bado n'naona."

Mama alisimama. Aliikunja ncha ya buibui lake, akaikunjua, akaikunja tena. "Basi twende kesho," akasema. "Lakini usinipitishe karibu na nyumba ya mtu."

Tuliondoka bila kuaga. Gari likafika mzunguko wa njia ya Nizwa. Hapo uso wa mama ukageukia upande wa Mabela, nikaona analia, na alipotambua kuwa namwona akaniambia nimtazame dereva asilale.

Jangwa na majabali yalikuwa kama yalivyo. Joto lilikuwa joto. Mdogo wetu wa mwisho alitapika Izki na tena juu ya kokoto za njia ya kupandia mlima. Ukingoni mwa korongo kubwa baba alivua miwani, akaipangusa kwa kanzu, akaivaa, akachungulia chini kwa muda mrefu. Mwamba ulishuka mpaka chini kabisa, ambako mitende ilionekana midogo kama kotmiri.

"Barabara hii imekatwa vibaya," akasema. Sauti haikuwa yake.

Kijiji cha babu tulikiulizia mpaka tukakifikia siku ya pili. Nyumba chache za udongo na mawe, mfereji wa maji, malimau. Baba alitaja jina la baba yake, na la baba wa baba yake, tukapelekwa kwa kikongwe aliyekaa kizingitini na bakora yake. Alikuwa dada yake babu, mdogo wake, wa mwisho kubaki. Hakujua ila Kiarabu cha huko, na kwa Kiarabu cha ofisini baba akajitambulisha kuwa ni mtoto wa kaka yake.

Kikongwe akatazama nyuma yetu, kwenye gari. "Yeye yuko wapi?"

"Mungu amrehemu. Alifia Unguja, zamani."

Bibi yule alifikiri. "Alisema anakwenda Nizwa kuuza malimau," akasema. "Alisema atarudi alasiri. Mama yetu akamwekea chakula chake."

Katika hadithi zote za babu, za jabali na mfereji na malimau, hiyo hakuwahi kuisema. Baba, mtu aliyepiga honi milango yote ya Maskati, akarudi nyuma hatua moja.

Mama ndiye aliyevua viatu. Alikaa chini mbele ya kikongwe, akamshika mkono akaubusu, na kwa Kiarabu chake cha sokoni akamwambia, "Nimekuja kuaga badala yake. Tuwieni radhi."

"Umechelewa," bibi akasema.

"Najua."

Kikongwe akaita kahawa iletwe. Tulipokwisha kunywa akainyoosha bakora yake kuelekea nyumba nyingine. "Na hao?"

Basi mama akazunguka nyumba zote, na kila nyumba kahawa, na kila nyumba maelezo yale yale kwa watu ambao wengi wao hawakuwa wamezaliwa babu alipoondoka. Jua lilikuwa linashuka, na baba alijua fika kuwa hawezi kuendesha gizani. Alimfuata mama nyuma, akivua viatu na kuvivaa, mlango kwa mlango.

Mwisho tulipelekwa palipozikwa mama yake babu. Palikuwa na mawe mawili yasiyoandikwa kitu. Mama alisimama pembeni. Nilidhani atasoma Fatiha twende zetu. Aliisoma, kisha akaendelea kusimama, na nikamsikia akisema taratibu, "Mama, niwie radhi. Tulikungoja."

Alisema kwa Kiswahili. Aliyelala pale hakupata kukisikia Kiswahili maisha yake yote. Baba alikuwa nyuma yake na funguo mkononi, giza linaingia, na hakumwambia tufanye haraka.