Mtungi Niliouficha Nyuma ya Mlango

Jumamosi moja ya mwezi wa saba mwaka jana, alasiri, mume wangu alianguka mlangoni mwa chumba chetu cha kulala. Hakusimama tena kwa miguu yake. Kabla ya mwezi wa nane kwisha tulikuwa tumemzika. Watu wa mtaa wanasema ni ugonjwa wa Parkinson uliomchukua. Mimi huitikia kwa kichwa, nikanyamaza.

Leo sinyamazi. Ninyi hamnijui nami siwajui, labda ndiyo maana naweza kusema. Nilikosa! Nilimkosea mtu aliyekuwa akinitegemea kwa kila hatua aliyopiga.

Tunakaa mtaa wa Woodley, katika zile nyumba za zamani zenye ukumbi mwembamba katikati. Mzee wangu alifanya kazi ya uchapaji mjini tangu ujana wake. Kadi za harusi, vitabu vya risiti, mabango ya mikutano ya injili, yote yalipita mikononi mwake, mpaka mkono wa kulia ukaanza kutetemeka akaacha kazi.

Kutetemeka tulikuzoea. Shida ilikuwa mwili kukakamaa na miguu kugoma. Mtu anatembea vizuri, akifika mlangoni anasimama tu, kama nyayo zimegandishwa kwenye sakafu. Kichwa kinataka kwenda, miguu haitaki.

Na usiku, jamani! Hakuweza kujigeuza kitandani. Aliniamsha nimgeuze, na nikishamgeuza usingizi umekwisha, wake na wangu. Asubuhi tunatazamana kama watu waliotoka kukesha matanga.

Daktari akatutuma kwa mama mmoja wa mazoezi ya viungo. Mzee alimpa jina Bi Fizio. Siku ya kwanza huyo mama hakumgusa hata mguu. Alimuuliza swali.

"Mzee, kuna mdundo gani unaoujua bila kufikiria?"

"Mashine yangu ya kuchapa."

"Inaliaje?"

Mzee akapiga meza kwa kiganja. Ka-ta, ka-ta, ka-ta.

Bi Fizio akanigeukia. "Basi, mama, tafuta kitu umpigie hivyo anapotembea. Miguu ikigoma, wewe piga. Utaona itaitika."

Alimfundisha na kujigeuza kitandani: kunja magoti, tupa mkono upande wa pili, ufuate na mwili wote. Halafu akaniambia neno ambalo ningelishika, nisingekuwa nawaandikia haya. "Mchana asilale kitandani. Mwili uliofanya kazi mchana ndio unaokubali kupumzika usiku."

Nilikuwa na mtungi wa plastiki wa manjano, uliopasuka chini, hauwezi tena kushika maji. Huo ndio ulikuwa mashine yetu. Kila alasiri nikitoka kuuza mboga sokoni pale Dagoretti Corner, nilikaa kwenye stuli nikapiga, naye anatembea ukumbini, magoti juu, mikono ikipunga. Akifika mlangoni akigoma, napiga kwa nguvu zaidi, na mguu unanyanyuka! Mara ya kwanza alicheka mpaka machozi.

Usingizi ulirudi polepole. Asubuhi moja nilishtushwa na sauti yake.

"Mama watoto! Nimejigeuza mwenyewe! Njoo uone!"

"Nije kutoka wapi, mzee, na niko hapa mgongoni mwako?"

Hizo zilikuwa siku zetu nzuri. Nilizivunja mimi.

Mnajua desturi yetu ya kwenda kumuona mgonjwa. Akina mama wa jumuiya yetu ya kanisa wanakuja na sukari, unga na majani ya chai. Mgonjwa anakutwa amelala, wanamzunguka, wanaimba, wanaomba. Alasiri moja walikuja bila kupiga simu. Walitukuta ukumbini, mimi nikipiga mtungi, mzee akiinua magoti juu kama askari wa gwaride.

"Ala!" akasema mwenyekiti wetu wa jumuiya. "Huyu ndiye tunayemuombea?"

Wote wakacheka. Mzee naye akacheka. "Mwenyekiti, njoo ujiunge. Kwaya yenu imelala sana."

Lakini walipokuwa wakitoka, nilimsikia mmoja langoni. "Sisi tumefunga biashara kuja kuona mgonjwa, kumbe yeye anadensi."

Neno hilo liliniingia. Wiki hiyohiyo mteja akaniuliza sokoni, "Mama, mzee amepona? Nasikia kwenu kuna disko." Wenzangu wakaangua kicheko. Nikahesabu nyanya za mteja na kichwa chini.

Niliona aibu. Sina neno lingine. Niliogopa watasema tunadanganya, ugonjwa si wa kweli, tunakula sukari ya watu bure. Badala ya kuwaeleza, nikaanza kumlaza.

Akina mama wakisema watapita, mimi namvua viatu, namvalisha sweta, navuta blanketi mpaka kifuani.

"Leo nimelazwa tena?"

"Kidogo tu, mzee. Wageni wanakuja."

"Na mtungi?"

"Baadaye."

Hiyo baadaye haikufika. Mtungi niliuficha nyuma ya mlango wa sebule, chini ya makoti. Mwisho nikawa namlaza hata siku ambayo hakuna mgeni aliyesema atakuja, kwa sababu huwezi kujua nani atabisha hodi. Yeye alizoea kunitania. "Haya, mgonjwa yuko tayari. Walete." Kisha utani ukapungua. Kisha ukaisha.

Mtu aliyelazwa mchana atafanya nini? Atasinzia. Na aliyesinzia mchana atafanya nini usiku? Macho yake yalikuwa wazi tu. Mwili ukakakamaa upya, mbinu ya kujigeuza ikampotea, nikarudi kumgeuza kama zamani, na hasira juu. Nilimwambia ugonjwa umezidi. Nilijiambia hivyo pia.

Tukarudi kwa Bi Fizio. Alimnyanyua mkono, akauachia, akakunja uso.

"Mnafanya mazoezi nyumbani?"

"Tunafanya, daktari," nikasema. "Kila siku."

"Mbona amekakamaa hivi? Mzee, unalala usiku?"

Mume wangu alinitazama. Alikuwa na nafasi ya kunisema. Akatazama viatu vyake.

"Nalala kiasi," akajibu.

Alinificha! Nilidanganya mbele yake, naye akaushikilia uongo wangu usianguke. Tulirudi nyumbani, na hata hapo sikuutoa mtungi.

Sasa nifike Jumamosi ile.

Jumuiya ilikuja yote. Sebule ilijaa, viti vya jirani vikaletwa, mwenyekiti akakaa karibu na mlango. Mzee alikuwa kitandani tangu chakula cha mchana. Walipokuwa katikati ya wimbo aliniita kwa sauti ndogo. Alitaka kwenda chooni.

Nilimuinua, nikamshika mkono. Tulienda vizuri mpaka mlangoni mwa chumba. Hapo akagoma. Kutoka mlango ule unaonekana mpaka sebuleni, na sebule yote ilikuwa inatuona.

"Nipigie," akaninong'oneza.

"Twende tu, mzee. Jaribu."

"Miguu imekataa. Mama watoto, nipigie kidogo."

Mtungi ulikuwa pale, nyuma ya mgongo wa mwenyekiti. Hatua chache tu ningeufikia. Ningeweza hata kupiga makofi! Wimbo ukaisha. Wote wanatutazama, na masikioni nikasikia kile kicheko cha sokoni.

"Watu wanatuangalia," nikamwambia.

Mwenyekiti akauliza, "Mzee anataka nini? Tumsaidie?"

"Hakuna," nikasema. "Anataka maji tu."

Kisha nikamwachia mkono, nikaenda jikoni kuleta maji. Mnaelewa nilichofanya? Nilikwenda kuchota maji ambayo hakuna mtu aliyeyaomba, ili uongo wangu uonekane kweli.

Bomba lilikuwa linatiririka nilipomsikia. Ka-ta. Ka... ta. Ka. Alikuwa anajipigia mwenyewe kwenye fremu ya mlango kwa kiganja, na fremu hiyo ndiyo aliyokuwa akiishikilia asianguke. Mkono ulitetemeka, mdundo ukawa unakwenda kombo. Nilisimama na kikombe. Nilijua ninapaswa kukimbia, na bado nikangoja kijae.

Halafu nikasikia kishindo.

Mfupa wa nyonga ulivunjika. Hospitalini alilala chali, hawezi kugeuka huku wala huku, usingizi hana, kifua kikajaa. Kila daktari aliyemuuliza alimpa jibu moja. "Niliteleza." Aliniokoa mara ya pili, nami nikakubali kuokolewa. Alikufa asubuhi, nikiwa kwenye foleni ya kuingia kuwaona wagonjwa.

Wenzangu mnaouguza, nisikieni. Mtu wako akiambiwa asogee, msogeze, hata kama nyumba imejaa watu. Wageni wamkute ukumbini akiruka, wamkute anacheza, waseme wapendavyo, watakwenda kwao na wewe utabaki na usiku wako. Ukiulizwa na anayekutibia mtu wako, sema ukweli hata kama unakuaibisha. Na yule mtu akikuomba kitu mbele za watu, mpe! Mpe hapohapo!

Na ninyi mnaokwenda kuwaona wagonjwa, sina hasira nanyi. Hamkujua. Mimi sikuwaambia.

Siku tuliyorudi kutoka kuzika, jumuiya ilikuja kukaa nami. Maji yalikuwa yamekatika mtaa mzima. Mwenyekiti, mwema kama kawaida yake, alifunga leso kiunoni akasema ataenda kuomba maji kwa jirani mwenye tangi. Akatafuta chombo. Akainua makoti nyuma ya mlango, akatoka na mtungi wa manjano.

"Huo uweke," nikamwambia. "Si wa maji."

"Ni wa nini basi?"

Nikamwambia, "Siku ile mzee hakutaka maji. Alitaka huo, nimpigie, atembee. Niliona aibu mbele yenu."

Mwenyekiti alibaki ameukumbatia kifuani, akautazama, akanitazama. Kisha akainama, akaurudisha nyuma ya mlango polepole sana, kwa mikono miwili, usije ukagonga ukuta ukatoa sauti.